Maji Yang'aayo Si Lazima Yawe Safi: Chujio la Tangi la Samaki Nyumbani

Wahenga wamenena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwakumbusha wakubwa wasivibeze vitu vya wadogo. Leo naitumia kwa maana yake ya wazi kabisa. Yako maji machache ndani ya kioo, juu ya meza ya sebuleni, na wamo viumbe ambao maji hayo ndiyo ziwa lao, hewa yao, jiko lao na choo chao. Mwenye nyumba akiyaharibu, hawana pa kukimbilia.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu Mutanga Sud, mjini Bujumbura, mwaka 2023. Katika jambo hilo mimi mwenyewe nilikuwa na hatia, na ni vyema niikiri mapema, ili ndugu msomaji usidhani kwamba unafundishwa na mtu asiyekosea.

MTOTO NA ZAMU YAKE

Jirani yangu ni sajini wa jeshi. Mwaka huo alikuwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, ambako askari wa Burundi walianza kutumikia mwaka 2007. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 11, tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Mwanafunzi yeyote akizidisha tarakimu hizo ataona kwamba tangi hilo huchukua lita 200. Ndani yake walikuwamo samaki 14 wa Ziwa Tanganyika, wadogo kama kidole cha mtu mzima, rangi yao kama chai iliyozidi maziwa, na mikia yao yenye ncha mbili ndefu. Baba alisema maneno machache, kama ilivyo desturi ya askari: "Hii ni zamu yako. Umeipokea, basi uilinde."

Siku moja mtoto huyo alinijia barazani. Watu wa mtaani huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi za ofisi. Akaniuliza, "Mwalimu, maji ya samaki hufanywaje yawe safi?" Nilikuwa nikisoma karatasi zangu. Bila ya kuinua kichwa nikamjibu, "Chujio likiwa safi, maji huwa safi, mwanangu." Jibu hilo lilikuwa na sura ya elimu, lakini lilikuwa nusu ya elimu, na nusu ya elimu huweza kuua.

Baada ya majuma machache habari zikafika kwamba baba huenda akapata likizo. Mtoto akataka baba yake ayakute maji yaking'aa. Akalifungua chujio, akatoa sponji na vipande vyote vya kauri vilivyokuwamo, akavifua kwa sabuni ya unga, akavisuuza mara tatu kwa maji ya bomba, kisha akavianika juu ya bati mpaka vikakauka kabisa. Jioni akavirudisha. Usiku ule tangi lilikuwa zuri kupita siku zote. Ungeweza kusoma gazeti kupitia maji yake.

Siku ya tatu samaki walipanda juu, wakawa wakihema midomo ikiwa usoni mwa maji. Siku ya tano walikuwa wamekufa 9.

Mama wa mtoto alinijia jioni ile akiwa na wazo la huruma. "Mwalimu," akasema, "tutafute wengine wanaofanana nao tuwatie humo. Baba yake hatajua." Mtoto, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akajibu kabla yangu: "Atajua. Aliwahesabu."

KILICHOWAUA SAMAKI

Samaki, kama kiumbe chochote kilacho, hutoa taka. Taka yake kubwa ni amonia, ambayo hutoka hasa kwa njia ya matamvua yake. Chakula kilichosazwa na majani yaliyooza huiongeza amonia hiyo hiyo. Haina rangi, maji yaliyojaa sumu hiyo huweza kung'aa kama maji ya chemchemi. Hili ndilo fundisho la kwanza: jicho halitoshi kupimia usafi.

Ziwani amonia hutawanyika katika maji mengi mno, ikaliwa na mimea na bakteria. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni makundi mawili ya bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Wengi wa bakteria hao hawaelei ovyo majini; hujishikiza juu ya vitu vigumu, mahali penye mkondo wa maji yenye oksijeni. Basi makao yao makuu ni ndani ya chujio. Ule utelezi wa rangi ya udongo uliokuwa katika sponji, ambao mtoto aliuona kuwa uchafu, ulikuwa ndio mji wao. Mji huo hujengwa kwa majuma manne hata sita. Kwa sabuni, maji yenye klorini na jua la adhuhuri, ulibomolewa kwa siku moja.

Iko sababu ya pili, nayo yatuhusu zaidi sisi tuliozaliwa kando ya ziwa hili. Wanasayansi hupima ukali wa maji kwa kipimo cha pH, ambacho namba 7 ni katikati. Chini yake maji ni ya asidi, na juu yake ni ya magadi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na samaki wake wameumbika kuishi humo. Sasa amonia ina sura mbili ndani ya maji: moja ni ya upole, ya pili ni kali yenye kuua. Katika joto la sentigredi 25, maji yakiwa na pH 7, haifiki hata sehemu moja katika mia ya amonia yote iliyo kali. Yakiwa na pH 8, ni kama sehemu 5 katika mia. Yakiwa na pH 9, sehemu hizo huruka zikawa kama 36 katika mia. Kwa hiyo kiasi kile kile cha uchafu ambacho mfugaji wa samaki wa maji laini angekosea nacho akasamehewa, mfugaji wa samaki wa Tanganyika hasamehewi nacho.

SAMAKI WETU MACHONI PA DUNIA

Hapa Bujumbura mtu akisikia neno samaki hukumbuka mukeke uliokaangwa au ndagala waliokaushwa juani. Wengi hushangaa kusikia kwamba yuko mtu anayelisha samaki asiowala. Lakini ziwa hili, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya siklidi, ndugu wa perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Tangu miaka ya 1970 samaki hao wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia kwa ajili ya matangi ya majumbani na ya maonyesho.

Mmoja wa walioanzisha biashara hiyo ni Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeishi na kufanya kazi Bujumbura, akapiga mbizi katika pwani za ziwa, na mwaka 1978 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa Tanganyika. Mtaalamu mwenzake wa Kibelgiji, Max Poll, alimwita samaki mmoja kwa jina la Brichard mwaka 1974. Samaki huyo, anayefahamika miongoni mwa wafugaji wa ng'ambo kama Binti Mfalme wa Burundi, ndiye aliyekuwa ndani ya tangi la jirani yangu.

Tabia ya samaki huyu ni ya kustaajabisha. Wazazi wakitaga katika pango la mawe, watoto wa uzao uliotangulia hawafukuzwi. Hubaki na kufanya kazi: huyasafisha mayai, huuondoa mchanga unaoziba mlango wa pango, na huwafukuza maadui wakubwa kuliko wao. Kaka na dada hulinda zamu ya wadogo zao. Mtoto wa sajini alikuwa akikaa mbele ya kioo akiyatazama hayo kila jioni, na bila shaka alijiona mwenyewe humo.

KAZI TATU ZA CHUJIO

Chujio si kifaa cha kazi moja. Ndugu msomaji ukizielewa kazi zake tatu, utaweza kulipanga mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana sokoni na hata jalalani.

Kazi ya kwanza ni kuzuia takataka zionekanazo: mabaki ya chakula, kinyesi na vumbi la majani. Hii hufanywa na sponji yenye matundu makubwa, na baada yake pamba laini.

Kazi ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kuwapa bakteria makao. Hapa kitakiwacho ni kitu kigumu kisichooza, chenye vitundu vingi, ili ndani ya nafasi ndogo wapatikane wakaaji wengi. Ni kama kujenga nyumba za ghorofa mahali penye kiwanja kidogo.

Kazi ya tatu ni kuondoa au kuongeza vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Makaa maalumu ya kuchujia hunasa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Mawe ya chokaa, kinyume chake, huyapa maji ugumu na kuilinda pH isishuke.

Yafaa kutoa onyo hapa. Makaa ya kupikia hayawezi kushika nafasi ya makaa maalumu. Haya maalumu hutengenezwa kiwandani kwa joto kali mno, mpaka yakajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu huwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500. Makaa ya jikoni hayana sifa hiyo, na huleta majivu na vumbi jeusi. Hata hayo maalumu hayahitajiki kila siku. Baada ya majuma machache vitundu vyake hujaa, nayo hubaki kuwa mawe tu. Yatumie unapotaka kuondoa dawa baada ya kutibu samaki, kisha yatoe.

VITU VYA KWETU VINAVYOFAA

Vipande vya kauri vinavyouzwa madukani ni vizuri, lakini bei yake huumiza mshahara wa askari na wa karani pia. Nchi yetu imejaa tanuri za matofali na vigae vya kuezekea. Kigae kilichochomwa vyema, kisichopakwa rangi wala vanishi, kina vitundu vya kuwatosha bakteria. Tulivunja vigae vya zamani tukapata vipande vya ukubwa wa kokwa la embe, tukaviosha mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Kipande kinachomeguka kwa vidole hakikuchomwa vya kutosha. Kitupwe, kwa maana kitarudi kuwa udongo. Vigae vilivyowahi kupakwa mafuta au dawa ya wadudu visitumiwe kabisa.

Hali kadhalika yanafaa mawe mepesi ya volkeno yenye matundu, kama yale yanayopatikana upande wa Goma, pamoja na jiwe la kusugulia miguu linalouzwa sokoni.

Sponji ya godoro yaweza kufaa ikiwa ni mpya, isiyo na rangi kali, harufu wala dawa. Kwa pamba laini, tulitumia pamba ya nailoni inayojaziwa mito. Pamba ya mmea haifai, kwani huoza.

Kwa ajili ya kuilinda pH, tulichukua makombe matupu ya konokono wa ziwani na vipande vya mawe ya chokaa. Jiwe usilolijua lijaribu hivi: lidondoshee siki au maji ya ndimu. Likitoa povu dogo linalochemka, lina chokaa. Hii ina maana kubwa, kwani bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi kidogo kidogo, na bila ya chokaa maji ya tangi hushuka pH polepole. Kwa sababu hiyo hiyo, magogo na majani makavu ambayo huwapendeza samaki wa mito ya msituni yasiwekwe katika tangi la samaki wa Tanganyika.

JINSI TULIVYOLIPANGA

Tulichukua ndoo ya plastiki ya lita 10, iliyokuwa imehifadhi mafuta ya kupikia, tukaiosha barabara. Chini yake tukatoboa matundu mengi. Tukaiweka juu ya tangi, juu ya mbao mbili imara. Pampu ndogo iliyomo ndani ya tangi huyapandisha maji kwa mpira mpaka juu ya ndoo, nayo hushuka yenyewe kupitia kila tabaka na kudondoka tena tangini.

Mpangilio wa tabaka, kutoka juu kwenda chini, ni huu:

1. Sponji ya matundu makubwa, izuie takataka kubwa.
2. Pamba ya nailoni, izuie vumbi.
3. Vipande vya vigae na mawe ya volkeno, vijaze zaidi ya nusu ya ndoo.
4. Makombe na mawe ya chokaa, yaliyofungwa ndani ya soksi ya nailoni.

Kanuni ni moja: kikubwa kabla ya kidogo, na takataka zizuiwe kabla ya kufika kwenye mji wa bakteria. Ukigeuza mpangilio huo, vitundu vya vigae vitazibwa kwa tope na wakaaji wake watakosa hewa. Ikiwa chujio lako ni la aina ambayo maji huingia kwa chini, basi ligeuze na uanze na sponji chini.

Mambo matatu ya usalama yasisahauliwe. Kwanza, toboa tundu kubwa ubavuni mwa ndoo, karibu na ukingo, na uweke kipande cha bomba kielekeacho tangini. Sponji ikiziba, maji yarudi tangini yasimwagike sakafuni. Pili, funika mdomo wa pampu kwa kipande cha sponji, usije ukawavuta samaki wachanga. Tatu, waya wa umeme uachwe uning'inie chini ya tundu la ukutani kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone likitiririka juu ya waya lianguke chini. Na kabla mtu hajatia mkono majini, umeme uchomolewe.

Kwa tangi la lita 200, pampu inayopitisha kati ya lita 600 na 1,000 kwa saa yatosha. Maana yake ni kwamba maji yote hupita chujioni mara tatu hadi tano kila saa.

UMEME UKIKATIKA

Kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu. Katika chujio lililofungwa, maji yaliyosimama huishiwa oksijeni, na baada ya saa kadhaa bakteria huanza kufa na kuoza humo humo. Umeme ukirudi, pampu husukuma uozo huo moja kwa moja hadi kwa samaki. Mwenye chujio la namna hiyo alifungue kwanza, amwage maji yaliyolala humo, ndipo aliwashe.

Ndoo yetu yenye matundu ina faida hapa. Pampu ikisimama, maji hushuka yote, vigae hubaki vimelowana huku vikipata hewa, nao wakaaji wake huvumilia kwa muda mrefu zaidi. Sharti lake ni kwamba tangi lisijazwe mpaka ukingoni, ili yapatikane mahali pa kuyapokea maji ya ndoo.

Umeme ukikosekana, usiwalishe samaki. Samaki mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku mbili, lakini chakula kilichooza humwua.

MATUNZO YA KILA JUMA

Kila juma badilisha robo ya maji, na si yote. Maji ya bomba yaweke katika ndoo zilizo wazi kwa siku nzima, ukiyachota na kuyamimina mara kwa mara, ili klorini ya kawaida ipotee. Kisha yasiwe baridi sana kuliko ya tangini.

Sponji ya juu isuuzwe ndani ya beseni lenye maji yaliyotolewa tangini. Maji hayo yataonekana machafu, lakini ni maji ambayo bakteria wameyazoea. Yatatoa tope bila ya kuwaua. Pamba ikichakaa itupwe na kuwekwa nyingine. Vigae visiguswe mpaka mkondo upungue, na hata hapo isuuzwe nusu yake tu, nusu nyingine ingoje mwezi ujao. Sabuni isifike kamwe katika chujio, wala katika beseni na ndoo za samaki.

Maji ya tope hilo yasimwagwe bure. Yana nitrati, nayo ni mbolea nzuri ya lengalenga na nyanya za uani.

ONYO KWA MAMA WA NYUMBANI

Mtu asije akafikiri kwamba maji yaliyopita katika ndoo hii yanafaa kunywewa. La hasha. Chujio hili huwahifadhi bakteria. Haliwaui wadudu wa kipindupindu, ugonjwa ambao Burundi ilitangaza tena mlipuko wake mwezi wa Januari 2023. Maji ya kunywa ya mashaka yachemshwe au yatiwe dawa kama wanavyoagiza wakuu wa afya.

Hata hivyo ukoo wa elimu hizi ni mmoja. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga London chujio kubwa la mchanga la kusafishia maji ya mji. Mwaka 1892 mji wa Hamburg nchini Ujerumani, uliokuwa ukinywa maji ya mto bila ya kuyachuja, ulipoteza watu zaidi ya 8,000 kwa kipindupindu. Mji jirani wa Altona, uliokunywa maji ya mto huo huo yaliyopita kwenye mchanga, ulipona kwa sehemu kubwa. Na katika chujio la mchanga la namna hiyo, sehemu ifanyayo kazi kubwa ni utando ulio hai unaoota juu ya mchanga. Ukikwanguliwa, ni lazima maji yangojee mpaka uote tena. Fundisho la Altona na la ndoo ya mtoto wa sajini ni moja.

DAFTARI LA ZAMU

Samaki watano waliosalia waliokolewa hivi. Tulibadilisha nusu ya maji kila siku, kwa maji yaliyolala ndooni usiku kucha. Tuliwanyima chakula kwa siku tatu, kisha tukawapa kidogo sana. Mzee mmoja wa mtaa wa pili, mfugaji wa siku nyingi, alitupa kipande cha sponji kuukuu kutoka chujio lake, kibichi na chenye tope lake lote, tukakipachika katikati ya vigae vyetu kama mtu atiaye chachu katika unga. Kwa vitone vyake vya kupimia tuliiona amonia ikishuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Juma la tano vipimo vyote viwili vilikuwa sifuri.

Lakini kabla ya hayo ilibidi baba aambiwe. Mtoto alikataa nimsemee. Alipopigiwa simu alisema yote kwa pumzi moja: sabuni, jua, tisa waliokufa. Hakunitaja. Nikaiomba simu, nikamweleza sajini kwamba agizo lilitoka kwangu, na kwamba mtoto alilitii kuliko nilivyostahili kutiiwa. Akakaa kimya kitambo. Kisha akaomba arudishiwe mwanawe, akamwambia, "Mlinzi akipatwa na jambo, huliandika. Tafuta daftari. Andika kila siku umefanya nini, na wangapi wazima."

Basi mtoto akaandika. Tarehe, saa, ndoo ngapi za maji, umeme ulikatika muda gani, na mwisho wa kila ukurasa tarakimu ile ile: wazima 5.

Sajini aliporudi likizo mwishoni mwa mwaka, nilikuwapo uani. Hakwenda kwanza kwenye tangi. Aliketi, bado amevaa viatu vya safari, akalisoma daftari kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huku mtoto amesimama wima mbele yake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nyongeza, kwani siku mbili kabla yake mayai yalikuwa yameanguliwa ndani ya pango: "Wazima 5. Wachanga siwezi kuhesabu." Baba akatia sahihi chini yake, ndipo wakaenda wote wawili kutazama.

Ndugu msomaji, mtoto akikuuliza jambo, inua kichwa ndipo umjibu. Na ukipita kando ya Ntahangwa wakati wa masika, ukauona mto ukishuka mwekundu kutoka milimani kuelekea ziwani, kumbuka kwamba tangi hilo kubwa nalo lina viumbe wasio na pa kukimbilia. Mataifa manne yanayolizunguka, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, yalitia sahihi mkataba wa kulilinda mwaka 2003. Sahihi hiyo, kama ile ya daftari la mtoto, ina thamani ikiwa kila siku yuko anayeshika zamu.